Daftari la Ukaguzi

Kila alfajiri, kabla kreni haijaamka,
napitisha kitambaa juu ya kamba ya chuma.
Kikinasa, pana uzi uliokatika.
Naandika: uzi mmoja, mita ya kumi na nne.
Uzi ukikatika haupigi kelele.
Ndiyo kazi yangu bandarini Gdynia, mwaka wa kumi na tisa,
mimi Bożydara, ninayening'inia juu ya makontena
kama taa waliyosahau kuizima.

Mwili wangu haukuwa na daftari.

Ulianza mwasho, Novemba.
Nikalaumu kiti, nikalaumu suruali mbili za baridi,
saa nane za kukalia kitu kimoja.
Ukafuata unyevu, kama wa mtu aliyejifuta asikauke.
Kisha, siku moja tu, damu kwenye karatasi,
ndogo, kama nukta ya kumalizia sentensi.
Nikasema: bawasiri. Mama alikuwa nayo, na mama yake.
Nikaenda duka la dawa la mtaa wa mbali,
kofia hadi kwenye nyusi.
Wiki sita nilipaka. Bawasiri haikusikia,
maana haikuwapo.

Kidole ndicho kilichonisuta, bafuni:
kijipele. Hakiumi.
Siku chache baadaye viwili, au vitatu,
kidole si hodari wa kuhesabu.
Nikatwaa kioo changu cha kazi, kile cha mpini mrefu
cha kuchungulia nyuma ya gurudumu la kamba,
nikachuchumaa kwenye vigae,
Radomir yuko chumba cha pili na redio yake,
nikachungulia.

Rangi ya ngozi yangu, na uwaridi kidogo.
Laini. Vimesongamana ukingoni mwa njia ya haja,
na kimoja kimechanua vishada
kama koliflawa changa ya mwisho wa msimu,
ile ambayo muuzaji hukuongezea bure.
Nikacheka.
Kisha nikakaa kwenye ukingo wa beseni, maji yakapoa.

Wanasema mficha uchi hazai.
Mimi nimezaa wawili na bado nilikuwa naficha.

Daktari Wrzos ni mdogo kuliko binti yangu wa kwanza.
"Chunjua," alisema, kama mtu asemaye "mvua."
Bawasiri, alinieleza, ni mshipa uliovimba;
hizi huota juu ya ngozi, na ni za virusi,
vya kawaida mno, hupita ngozi kwa ngozi,
hata kwa asiyewahi kufanya hayo ninayoyawaza.
Vinaweza kulala miezi, vinaweza kulala miaka.
Nani alinipa, lini: hilo hata taa yake haioni.
Akaingiza kifaa baridi, akatazama ndani,
kwa kuwa nyingine hujificha pasipofika kioo.
"Kimoja huku," alisema.
Akanikataza dawa ile kali ya chunjua za vidole.
Akauliza kipimo cha mlango wa kizazi nilikifanya lini.
Sikukumbuka.
Mimi, ninayekumbuka tarehe ya kila bolti.

Alizigandisha. Iliwaka kama barafu iwakavyo
unapoishika Januari bila glavu.
Nirudi baada ya wiki tatu. Huenda zikaota tena.

Usiku ule nilimwambia Radomir.
Akapunguza redio, hakuizima.
Miaka ishirini na miwili ikakaa pale mezani
kati yetu na viazi.
"Nani?" akauliza.
"Haijulikani."
Akamenya kiazi kizima, taratibu, ganda moja refu.
"Na mimi je, nikakaguliwe?"
"Ndiyo."
"Na kioo chako?"
"Kioo ni cha kazini, Radek."

Asubuhi, juu kreni, upepo wa kaskazini,
nilifungua daftari ukurasa wa nyuma kabisa,
ambao msimamizi hausomi.
Nikaandika: vinne nje, kimoja ndani. Hakuna maumivu.
Nikasita kwenye safu ya mwisho,
ile ya "tangu lini,"
nikaiacha wazi,
nikashusha ndoano.